Kitabu cha Kumsomea Baba

Baba alipopofuka nilimleta Garissa nikae naye, na watu wa kwetu bara wakanijia juu. Mzee mwinjilisti, amehubiri miaka arubaini, unampeleka mji ambao makanisa yake unayahesabu kwa vidole? Niliwajibu kwa ukali kwamba kazi yangu iko huku, na anayemtaka aje amchukue. Hakuna aliyekuja.

Nafundisha somo la dini ya Kikristo katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu ni saba. Darasa zima linaenea kwenye kivuli cha tangi la maji, na mara nyingi ndipo tunaposomea. Kila siku nikirudi nyumbani, baada ya adhana ya alasiri, nilimsomea Baba sura moja ya Injili. Hukaa mkekani barazani, amejifunga kikoi kama wazee wa Kisomali wa mtaa wetu, chai ya maziwa ya ngamia mkononi, midomo ikitangulia maneno yangu kwa sababu anayajua yote. Nilikuwa naipenda saa hiyo kuliko zote.

Aliyeiharibu ni msichana mmoja wa kidato cha tatu. Aliuliza mbona Injili mbili zinazosimulia kuzaliwa kwa Yesu hazifanani: hii ina mamajusi, ile ina wachungaji, na hata safari za wazazi haziendi pamoja. Nikamwambia nitamjibu kesho. Nikaingia kwenye simu, nikapakua kitabu cha kwanza nilichokutana nacho. Loo! Mwandishi yule alikuwa na kiburi cha ajabu. Kwake yote ni uongo, mitume walikuwa matapeli, na anayeamini ni mjinga. Nikakimbilia kingine, cha mhubiri, nikidhani kitanituliza. Huyo naye akasema hakuna tofauti yoyote, na anayeziona akaombewe. Wote wawili walinipigia kelele tu. Lakini yule wa kwanza aliniachia mwiba moyoni, na nikimsomea Baba nilisikia sauti yangu imekauka, kana kwamba nasoma tangazo la chifu.

"Mama, unaumwa?" Baba akaniuliza siku moja. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Ni koo tu, Baba."

Nilimdanganya, mchana kweupe. Niliogopa kwamba nikimweleza ninayoyasoma nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, na nisipomweleza nitamsomea kwa unafiki mpaka siku nitakayomzika.

Ndipo nikaenda Soko Mugdi kwa muuza vitabu mmoja, mzee wa pale pale Garissa mwenye ndevu za hina. Duka lake lina misahafu juu, vitabu vya shule chini, madaftari kila mahali. Nikamweleza, huku nikiona haya, kwamba nataka vitabu vya wasomi wanaoeleza jinsi Biblia ilivyoandikwa na Ukristo ulivyoanza, lakini kwa lugha ya watu wa kawaida, visivyotukana wala kubembeleza. Nilidhani atanifukuza. Alicheka.

"Abaayo," akasema, yaani dada, kwa lafudhi yake ya Kisomali inayogeuza p kuwa b, "hiyo kitabu hata huko Kenya ni ngumu kubata."

Kwa wenyeji, ingawa Garissa imo Kenya, Kenya huanzia ng'ambo ya mto ulio kando ya mji. Hata hivyo alimwagiza binamu yake wa Nairobi, na vitabu vikaanza kuja kwa basi, kimoja kimoja, vya mitumba. Kikifika hakunipa. Alivaa miwani, akafungua mwisho wa kila sura, akafuata mistari ya Kiingereza kwa kidole, polepole.

"Unatafuta nini humo, mzee?"

"Natafuta bahali anasema Allahu aalam."

Akanieleza kwamba mwanazuoni wao, hata awe bingwa wa namna gani, akishatoa jibu lake huandika kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Alikuwa na hakika kwamba wasomi wa Biblia nao hufunga kila sura vivyo hivyo. Nikamwambia hawana desturi hiyo. Hakuniamini hata kidogo. Msomi gani asiyejua hilo? Vitabu viwili akavirudisha Nairobi kabla sijavigusa.

"Hii inajua kila kitu," akasema juu ya kimoja. "Mtu anajua kila kitu, mimi naogoba yeye."

Nilifoka jamani! Mimi mwenye shahada, nichaguliwe vitabu vya dini yangu na mzee wa Kiislamu! Cha tatu alikaa nacho siku tatu. Nikaenda nimejiandaa kwa ugomvi, nikamkuta anatabasamu. Akanifungulia sura baada ya sura. Mwandishi alikuwa ameandika wazi: hapa tuna ushahidi, hapa tunakisia, hapa hatujui.

"Huyu ana adabu," akasema, akakipangusa vumbi kwa kanzu yake.

Nilikisoma wiki nzima katika chumba cha walimu. Kilinieleza kwamba waandishi wale wawili waliwaandikia watu tofauti, kila mmoja akataka wasikilizaji wake wamtambue mtoto yule ni nani, na kwamba mambo mengine hayapatani wala hakuna haja ya kuyalazimisha. Nikamjibu msichana wangu hivyo hivyo, pale kwenye tangi. Aliridhika kuliko mimi.

Siku hizo mimi na Baba tulikuwa tunamaliza Injili fupi kuliko zote. Nikafika pale wanawake wanapolikimbia kaburi kwa hofu, nikashindwa kuendelea. Kitabu kilikuwa kimenieleza kwamba nakala kongwe kabisa huishia hapo, na mistari inayofuata iliongezwa baadaye na mkono mwingine.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, la simu, la mwiba, la koo lisilouma, mpaka la mzee wa Soko Mugdi. Nikangoja anikemee.

Baba alikiweka kikombe chini kwa kupapasa. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba inaishia hapo. Tulifundishwa chuo cha Biblia. Siku hiyo nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko."

"Baba! Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama yako? Waumini? Nawe ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuangalia ukiomba, umefumba macho kwa nguvu zako zote, nikasema huyu nisimguse."

Hasira ilinipanda, kisha ikayeyuka yenyewe. Miaka yote hiyo nikiwa mtoto wake, na sikujua. Nikamuuliza aliwezaje kuhubiri.

"Siku nyingine niliamini. Siku nyingine niliwaacha wanaonisikiliza waamini kwa niaba yangu."

Nilihamia mkekani kwake nikamshika mkono. Tukalia, mzee na binti yake, hata jirani akachungulia kuuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, tunasoma. Nilipokwisha kujifuta uso nikamuuliza Baba kama anataka nimtafsirie kile kitabu, au tukiache.

"Soma," akasema. "Na pale pagumu usiparuke, mama. Nimekaa hapo peke yangu tangu kabla hujazaliwa."