Samaki Wasiopisha

Kompyuta ya kwanza mtaani kwetu Kasingirima, Kigoma, ilikuwa yangu. Wasomi walikuwepo, wakasubiri kuletewa. Mimi niliyeishia darasa la nne niliinunua kwa biashara ya dagaa wa Kibirizi. Nilikuwa nachapa barua za wateja, nampa mtu chenji, namjibu anayeuliza bei, kisha narudi kwenye neno lile lile nililoliacha. Sijawahi kupotea.

Mashine nayo ilifanya hivyo. Prosesa, yaani ubongo wake, moja, programu nyingi: hii inafanya kazi kidogo, inaweka alama ilipofikia, inaipisha nyingine. Lakini inapisha kwa hiari. Ni kama bombani kwetu, mwenye ndoo nyingi anajaza moja, anasogea. Akija asiyesogea, mtaa mzima unakaa na kiu. Aliyeitengeneza mashine hakuweka wa kumsogeza asiyepisha. Hilo linanikera mpaka leo.

Miaka ile ya wakimbizi alikuja mama kutoka Burundi. Bintiye alimpotea waliposhuka kwenye boti. Alitaka tangazo liende makambini na lori lililokuwa nje, injini imeshawashwa. Yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kiha, tukaelewana. Akataja kovu la goti, gauni la kijani, na wimbo ambao mtoto huuimba akiogopa. Nikachapa yote.

Maneno yakaganda. Fundi wangu, kijana wa chuo, alikuwa ameingiza pambo la samaki wa rangi wanaoogelea kwenye kioo. Kana kwamba Kigoma tumekosa samaki. Wao wakaogelea, maneno ya mama hayahifadhiki, hayachapiki.

"Prosesa imechoka, bosi," fundi akasema. "Mama aje kesho."

"Haijachoka. Samaki wako hawapishi."

"Watapisha tu. Subiri."

"Mwambie na dereva asubiri."

Dereva akapiga honi. Nikachomoa waya wa umeme, kila kitu kikafutika, nikaiwasha mashine tena.

"Mama, nisamehe. Tuanze upya."

Akaanza upya. Kovu. Gauni. Safari hii sauti kavu, kama anataja bei sokoni. Alipofika kwenye wimbo akafungua mdomo, akaufunga.

"Huo uache, baba."

Lori likaondoka na tangazo lisilo na wimbo. Huenda wimbo ndio ungemtambulisha mtoto, nani ajuaye. Mashine ilisahau ilipofikia, aliyelipia ni mama.

Samaki niliwafuta siku hiyo hiyo. Fundi akalalamika kwamba kioo kimebaki cheusi, hakivutii wateja.

Nikamwambia kibaki hivyo hivyo.