Offset ya rimu za baridi ilivyotaka kunipotezea mke kwenye barafu ya Texas

Wakuu, nawasalimu wote, wa Bongo na wa majuu.

Nina jambo limenikaa kooni tangu baridi iliyopita. Sitaongeza chumvi, lenyewe lilivyo linatosha.

Naishi Euless, kazi yangu ya kompyuta iko Richardson. Mke wangu Rehema ni nesi, kazini kwake ni Fort Worth. Yeye ana kigari chake kidogo. Mimi nina gari la Mjerumani, lenye turbo na breki kubwa, ambalo nililiota tangu nikiwa chuo. Nalipenda kupita kiasi. Rehema husema gari ndilo mke mkubwa, yeye ni mdogo.

Sasa msidhani Texas ni joto tu. Kuna siku huku barabara zinakuwa kioo, na madaraja ndiyo yanaanza. Gari langu lilikuwa na rimu za inchi 19 na matairi ya msimu wa joto. Kwenye baridi matairi hayo yanakuwa magumu kama ndala ya zamani. Nikaamua kutafuta seti ya baridi, rimu za inchi 18, ili tairi liwe na nyama zaidi ya mpira. Za 17 haziingii, zinagonga breki.

Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Kosa lilianzia kwenye offset.

Kwa wasiojua, offset ni namba inayoonyesha rimu itakaa ndani kiasi gani au nje kiasi gani. Zangu za mwanzo zilikuwa 30. Nilizozipata mtandaoni zilikuwa 52. Nikajiambia namba ni kubwa, basi zitatoka nje zaidi, gari litatanua kifua.

Kumbe kinyume chake. Namba ikipanda, rimu inaingia ndani.

Hakuna aliyenidanganya, maana sikumuuliza mtu. Sisi wapenda magari kuuliza tunaona aibu.

Nilifunga asubuhi ile ile ya barafu, Rehema akiwa anajiandaa kwenda kazini. Tairi la mbele likagusa shokapu. Kigari chake kilikuwa gereji, ilibidi aende na langu, na zamu ya hospitali haisubiri. Nikafanya mambo ya kibongo: spesa, yale masahani ya chuma ya kusogeza rimu nje. Nilikuwa nazo stoo, milimita 20. Nikazipachika nyuma ya rimu, nikafunga kwa bolti zile zile za gari. Zikazunguka kama mara nne, zikakaza.

Rehema akatoka na kikombe cha chai.

"Yameshika?"

Yeye alikuwa anauliza matairi na barafu. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye bolti.

"Yameshika, mama. Nenda polepole, na simu usiiguse mpaka ufike."

Akaondoka. Nikabaki nafagia, najiona fundi.

Dakika kumi hazijapita, jirani yangu Baba Furaha akaja kuazima jeki. Ni Mkongo wa Uvira, anafanya kazi warehouse, lakini kwao alikuwa mekanika. Akaliona boksi la spesa sakafuni.

"Uliweka hizi? Na boulons za murefu?"

Alimaanisha bolti ndefu. Nikamwambia nimetumia zile zile za gari.

"Zilizunguka mara ngapi?"

"Nne hivi."

Uso wake ukabadilika. Bolti ya kawaida huzunguka zaidi ya mara kumi. Spesa ilikuwa imekula karibu urefu wote. Rehema alikuwa anaendesha gari ambalo matairi yameshikiliwa na ncha za bolti.

"Bibi yako iko wapi?"

Wakuu, huyu ni jirani yangu kwa miaka miwili, na najua vizuri kwamba Wakongo wakisema bibi wanamaanisha mke. Lakini kichwa kilikuwa kimeganda. Nikamjibu, "Bibi yangu alishafariki."

Akanishika mabega. "Hapana! Madame! Rehema!"

Neno "alishafariki" lilikuwa bado mdomoni mwangu. Niliogopa vile sijawahi kuogopa.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena na tena, haipokelewi. Mke wangu alikuwa ananitii.

Tukaingia kwenye van yake, yeye anaendesha, mimi natazama kwenye simu location aliyo-share Rehema. Kidoti chake kilikuwa kinatembea kwenye highway ya 183. Mbele yake kulikuwa na flyover ndefu, nami nikawaza tairi moja likichomoka juu pale. Niliomba kwa sauti mbele ya mtu, kitu ambacho sifanyi.

Halafu kidoti kikasimama.

Dakika moja, mbili, tatu, hakisogei. Sikuthubutu kumtazama Baba Furaha.

Tulimkuta kwenye kituo cha mafuta, kabla tu ya flyover. Alisikia kitu kinagongagonga mbele, usukani ukaanza kutetemeka, akatoka barabarani. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limebaki na bolti tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo niliichomoa kwa vidole.

Rehema alikuwa amekaa kwenye ukingo wa lami na koti lake la kazini. Nilipiga magoti kwenye barafu. Hakunifokea. Alisema tu, "Nilikuuliza."

Siku hizi gari lina rimu zenye offset sahihi, halina spesa, na nakaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Nikimaliza, Rehema anaichukua spana ile, anazunguka tairi moja moja, bolti moja moja. Akiridhika ndipo anawasha.

Nilichojifunza: offset ikikosewa, rudisha rimu, usiizibe kwa spesa. Na usimwambie mtu kitu ni salama kama hukukipima.

Mafundi na wajuzi wa rimu, nisahihisheni nilipokosea, sasa hivi nauliza kila kitu. Na ninyi wenye ndoa, niambieni: hiyo spana huwa wanairudisha baada ya muda gani?