Namba ya Maduhu

Usiku ule wa kuamkia siku ya mawasilisho yangu, baridi ya Usambara ilikuwa imepenya hadi ndani ya blanketi, nami nililala na wasiwasi kama mtoto anayesubiri mtihani. Tulikuwa kambini, wanafunzi wa uzamili wa fizikia ya chembe kutoka vyuo mbalimbali, tumepandishwa mlimani wakati wa likizo ili tufundishwe na tuonyeshane kazi zetu. Kazi yangu haikuwa yangu peke yangu. Nusu yake aliifanya Maduhu, rafiki yangu tuliyekaa meza moja tangu tuanze chuo, ambaye homa ilimchukua kabla ya Pasaka. Mama yake alikuwa njiani kutoka Shinyanga. Msimamizi wetu, Daktari Kileo, alikuwa amemwalika aje asikie mwanawe akisifiwa.

Nami nilikuwa nimekwishaona kitu. Mtambo wetu wa kunasa chembe una vipande vingi, na kila kipande kina namba yake ya kusahihishia, inayopatikana kwa kupima kwa subira. Kipande alichopewa Maduhu kukipima kilikuwa na namba moja. Moja kamili. Ukizidisha kwa moja hujabadilisha chochote; ndiyo namba tunayoiweka sote kushikilia nafasi mpaka tutakapopima. Yeye hakuwahi kurudi kuipima. Niliigundua siku mbili kabla ya usiku ule nikaifungia moyoni, nikijisemea labda alipima, labda ilitokea hivyo hivyo tu. Nani amseme marehemu mbele ya mama yake?

Usingizi ukanichukua nikiwa bado najibishana na nafsi yangu.

Nikajikuta katika bwalo la chakula palepale kambini. Ilikuwa mchana, wenzangu wanakunywa uji, hakuna anayezungumza. Maduhu ameketi mwisho wa meza, amevaa sweta lake la kijivu lililochanika kiwiko, na mbele yake hapana kikombe. Sikushangaa kumwona. Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyempa uji. Nikamsogezea wangu.

"Umeshapima?" akaniuliza.

"Kunywa kwanza."

Hakuugusa. Nikageuka kuchukua sukari, na bwalo si bwalo tena. Tuko maabara ya chuo, kwenye meza yetu, skrini inawaka. Namba zinapita, na kila namba ni moja. Nazifuta kwa kiganja kama mtu anayepangusa vumbi, nazo zinarudi. Maduhu ananitazama tu, hasaidii. Angekuwa hai angekuwa ameshanicheka. Nataka kumwambia nimechoka, nataka kumwambia nimemkumbuka mno, lakini kinachonitoka mdomoni ni jina la Daktari Kileo, tena na tena.

Halafu tuko kwao. Uani pamefungwa turubai, wanawake wamekaa mikekani, mama yake katikati, amejitanda khanga. Ni msiba wake mwenyewe, naye amesimama kando yangu, mikono mfukoni. Watu wanainuka mmoja mmoja kumsifu. Alikuwa mpole. Alikuwa na akili. Hakukosea kamwe. Na kila sifa inapotamkwa, Maduhu anafifia kidogo, mpaka naanza kuiona mikeka kupitia kwenye sweta lake. Hofu ikanishika. Nikaunyakua mkono wake, sikushika kitu.

"Mwanahawa," akasema, "wewe si mtani wangu?"

Ni kweli. Mimi Mzaramo, yeye Msukuma. Hatukuwahi kusalimiana kistaarabu: mimi nikimuuliza ng'ombe hawajambo, yeye akiniuliza ngoma imeisha lini. Na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa. Huingia akimwigiza marehemu, akataja uvivu wake na ulafi wake mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika; ndugu hucheka huku machozi yakiwatoka. Siku tuliyomzika nilishindwa hata kufumbua mdomo.

"Wamenisifu mpaka siko tena," akasema. "Sema nilikuwa sijapima."

Nafumbua mdomo. Sauti haitoki. Mama yake anainua uso, ananitazama, anangoja. Nalisukuma lile neno kwa nguvu zangu zote, na Maduhu amebaki sweta tu, na sasa hata sweta silioni vizuri.

"Hakupima."

Nilijisikia nikilisema, nikawa macho.

Mwanga wa asubuhi ulikuwa umeshaingia dirishani. Akinyi, mwanafunzi kutoka Kisumu niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa ameketi kitandani kwake akinitazama.

"Nani hakupima?"

"Maduhu. Namba ya kusahihishia kipande chake. Aliiweka kushikilia nafasi, akafa kabla ya kupima."

Akashusha miguu sakafuni. "Sasa matokeo yenu?"

"Hayasimami mpaka kipande kile kipimwe."

"Na mamake? Utamwambia nini mama wa watu, na ametoka mbali hivyo?"

"Nitamwambia yeye kwanza, kabla ya Daktari Kileo. Nitamwambia mimi ni mtani wa mwanawe."

Nilisema hivyo kwa ujasiri nisiokuwa nao. Nilimwogopa Daktari, na yule mama nilimwogopa zaidi. Hata hivyo nikaivuta kompyuta, nikaifungulia palepale kitandani. Ukurasa wa kwanza wa mawasilisho ulikuwa na picha yake, na chini yake maneno niliyoyaandika mwenyewe: Kazi ya marehemu Maduhu.

Nikalifuta neno marehemu. Nikaandika: Kazi ya Maduhu, haijakamilika.