Safari Moja ya Kitwe

Mume wangu aliacha usukani kwa sababu yangu. Siku moja kifafa kiliniangusha nikipika, mkono wangu wa kushoto ukaingia kwenye jiko la mkaa, na yeye alikuwa Zambia na lori la saruji. Aliporudi alinikuta na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alirudisha funguo kwa tajiri wake, akafungua kijiwe cha kuziba pancha hapa hapa Nanyala, mbele ya nyumba yetu, ambapo angesikia nikianguka.

Tangu hapo anachota maji, anasonga ugali, ananikumbusha vidonge asubuhi na jioni. Wanawake wa kanisani huniambia nimebahatika. Naitikia, "Kweli," huku nikikumbuka anavyosimama na spana mkononi malori ya Tunduma yanapopita, mpaka mteja amwite mara ya pili.

Msimu wa kuchuma kahawa, dereva mwenzake wa zamani alisimama kujaza upepo. Tajiri alikuwa anatafuta mtu wa safari moja ya Kitwe, Zambia.

"Siwezi," nilimsikia mume wangu akijibu. "Nyumbani nina mgonjwa."

Nilikuwa nyuma ya ukuta, naanua maharage. Hakunisema vibaya, lakini nilishindwa kutoka pale kwa aibu.

Jioni nikamwambia aende. Alikataa. Basi nikamwita wifi yangu, dada yake, kutoka Ihanda, nikamwelekeza mbele ya kaka yake: anilaze ubavu, asinitie kijiko mdomoni, asinikandamize, akae nami hadi nizinduke. Mume wangu alisikiliza yote, kisha akaenda kutafuta viatu vyake vya safari.

Aliondoka alfajiri. Hata hajafika Kitwe, nilianguka. Nilizinduka kwenye mkeka, ulimi unauma, gauni limelowa, wifi amekaa pembeni yangu.

"Usimwambie kaka yako," nilimsihi.

"Wifi, kunywa chai kwanza."

Nikadhani amekubali.

Mume wangu alirudi na kapenta, wale dagaa wa Zambia, na kitenge, uso umenawiri kama wakati ananichumbia. Alisimulia vumbi, foleni ya mpakani Nakonde, breki zilizomsumbua mlimani. Tukila nilicheka naye, nikitafunia upande mmoja kwa sababu ya ulimi niliouuma, na kila nilivyocheka nilijiona mwongo zaidi.

"Mume wangu," nikasema mwishowe, "nilianguka."

"Najua. Dada alinipigia nikiwa njiani, Mpika."

"Na hukugeuza?"

"Niliegesha lori. Nikataka kugeuza. Akaniambia umeamka, unakunywa chai." Aliinamia sahani yake. "Nikaendelea. Na huko mbele nilifurahi, mke wangu. Nilikuwa naendesha na nimefurahi. Nisamehe."

Miaka yote hii mwombaji msamaha nimekuwa mimi: kwa maji yaliyomwagika, kwa ibada niliyoikatiza, kwa watu kukimbia wakiogopa povu langu. Kuombwa msamaha na yeye kulinichanganya. Nilimwambia hana kosa. Akasema hata mimi sina. Nadhani hakuna aliyemwamini mwenzake.

Sasa anasafiri mara moja moja, wifi akipata nafasi ya kuja. Mume akiwa njiani, naona nimemtwika wifi mzigo na shamba lake linamsubiri. Mume akiwa nyumbani, naona nimemfunga. Safari iliyofuata ile ya Kitwe nilimpakia nguo mwenyewe, na alipowasha injini nilisimama mlangoni nikampungia, hadi lori likaingia barabarani.