Kitu Kimoja Ambacho Fisi Hana

Profu wetu wa Kifaransa alianza hadisi kwa chaki. Aliandika ubaoni kutoka juu mpaka chini: Shujaa. Mlinzi wa mlango. Mjanja. Mama. Fisi. Halafu aligeuka, akapangusa mikono kwenye suruali yake nyeusi, ile ambayo kila siku ilikuwa nyeupe mapajani, akasema: "Hawa munawajua tayari. Mulikutana nao kabla hamujajua kusoma. Sasa niambieni, namna gani tunawafanya wapumue?"

Wenzangu waliinamia madaftari. Miye ndiyo usiseme. Naogopa watu, niseme ukweli. Nikisimamishwa kusoma kwa sauti, ulimi unakuwa kama kipande cha kitambaa mdomoni. Kwa hiyo profu alisoma karatasi zangu yeye mwenyewe, na alisema tu "hii ni ya mwenzenu mumoja", na klasi nzima iligeuka kunitazama. Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari.

Siku moja nilimwandikia hadisi ya mtu anayeuzia maji watu waliokimbia volkano, kwa bei ya kuua. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu mutu wa namna ile nilimwona kwa macho. Nilimpa tumbo kubwa, nikampa meno, nikampa kicheko. Profu alirudisha karatasi na maneno machache chini, kwa biki nyekundu: "Fisi wako ni fisi tu."

Nilimfuata mpaka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza kitu.

"Profu, sasa awe nani?"

"Awe fisi. Usimwondolee ufisi, msomaji atapotea njia. Lakini mupe kitu kimoja ambacho fisi hana. Kimoja. Ukimupa vitatu umemuharibu."

"Kitu gani?"

"Najua wapi, mutoto wangu? Fisi ni wako."

Wakati ule tulikuwa tunapanga mtaa wa Mapendo, Goma, chumba kimoja na kasebule. Nyumba yetu wenyewe, ya mbao, ilikuwa upande wa Kibati, na sasa iko chini ya mawe meusi. Jioni mlima ulipopasuka mbingu iligeuka nyekundu upande wetu, na watu walipiga kelele jina la Mungu na majina ya watoto wao kwa pamoja. Nilitoka na sandale moja yangu na nyingine ya mama. Njia ya mjini ilikuwa imekatika, moto unatiririka taratibu kama mutu asiye na haraka, basi tulikimbilia upande wa Rutshuru pamoja na majirani. Kaka yangu alinishika mkono njia yote. Nilikuwa nalia sana, na si kwa ajili ya nyumba. Nililia viatu vyangu vya shule, vipya, vilivyobaki chini ya kitanda. Kaka alichoka kunisikia, akasema: "Nyamaza. Nitakununulia viatu. Miye mwenyewe."

Tulifika Kiwanja kwa shangazi, dada ya papa. Mambo yalipotulia wazazi walirudi Goma kutafuta pa kuanzia, na kaka akabaki. Shangazi alikuwa na nafasi, shule ilikuwa karibu, na chumba cha Mapendo kilikuwa kidogo. Ilikuwa iwe mwaka mmoja.

Kisha vita vikaja, na Kiwanja ikawa upande wa pili wa mapigano. Mwanzoni tulisikia kwamba watu wanaishi tu, soko linafunguliwa, maharagi yanashuka mpaka Goma. Halafu dereva wa moto, pikipiki ya kubeba watu, alikuja mpaka mlangoni kwetu na ujumbe wa shangazi, akausema amesimama, kofia mkononi: "Anasema mukuje kumuchukua kijana. Wenye bunduki wanakusanya vijana. Wanasema ni kubeba masanduku tu, lakini waliokwenda kubeba hawajarudi."

Kaka alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amerefuka kuliko papa. Papa alisimama aende. Mama alimwambia: "Wewe ukienda, nitakuwa na wawili wa kutafuta." Mwanaume hapiti kirahisi kati ya pande mbili. Wanaopita ni wanawake wa biashara, kwa sababu kila upande unakula maharagi. Basi mama alijiunga na jirani yetu, mama mmoja mnene wa kuchekesha ambaye alikuwa anafuata maharagi Kiwanja tangu siku nyingi. Mtaani tulimwita mama wa maharagi. Na miye nikaenda, kwa sababu alisema mwanamke mwenye binti anaaminika kuliko mwanamke peke yake. Hakuna aliyeniuliza kama ninaogopa. 

Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi.

Tulipanda lori la maharagi na mashu, kabichi zile kubwa, sisi tumekaa juu ya magunia. Hadisi yetu ilikuwa tayari tangu kwa shangazi: kaka ni mgonjwa, anapelekwa hospitali Goma. Shangazi alimfunga taulo kichwani na kumtafunisha majani machungu ili uso ukunjamane. Alikuwa mgonjwa mzuri. Nilimtazama nikasema moyoni, sawa, huyu ni Mgonjwa, kila mutu atamjua.

Kabla ya kufika Rumangabo tulikuta baria, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na magari yamepanga mstari. Mbele yetu kulikuwa na gari dogo. Aliyeshuka kwanza ni mama mmoja na kijana wake, umri wa kaka, taulo shingoni.

"Huyu ana nini?" aliuliza mwenye bunduki.

"Mugonjwa, shefu. Tumbo. Tunaenda hospitali."

Yule alicheka, akawaita wenzake. "Kujeni muone! Mugonjwa mwingine! Tangu asubuhi ni wagonjwa tu. Kiwanja yote inaharisha?" Wenzake walicheka pia. Kisha akaacha kucheka. "Toa taulo. Simama kule."

Kule kulikuwa na vijana wengine wamechuchumaa pembeni ya barabara, kama watoto wanaongoja zamu ya kisima. Yule mama alipiga magoti. Alisema kila neno ambalo mama anaweza kusema. Walimwachia taulo mkononi.

 Juu ya lori letu, mama yangu alinyoosha mkono polepole, akaondoa taulo kichwani pa kaka, akalikalia.

"Sasa?" alinong'ona.

Mama wa maharagi aliangalia barabara, akamwangalia kaka, akaniangalia miye. "Sasa huyu kijana ametia mutu mimba," alisema. "Mutu mwenyewe ni huyu." Kidole chake kilinigusa kifuani. "Miye ni mama mukwe. Ninamupeleka kwa baba yake Goma, nikawatupie binti wao walee, na kesi ianze. Ile kitu kila mutu anaijua. Mama wa kweli akae kule kwa mashu, asitujue."

Mama hakubishana. Alihamia nyuma ya lori na taulo, akalikalia tena, uso umegeukia porini.

"Tumufunge kitenge tumboni," alisema mama wa maharagi.

"Apana," nilisema.

Sijui sauti ilitoka wapi. Gari dogo lilikuwa linavuta mbele tayari. Nilisema haraka haraka, nikitazama magunia: "Mimba changa haionekani, mama. Na wewe usimukasirikie tu. Yule mama alikuwa ni mama wa mugonjwa tu, ndiyo maana walicheka. Ukiwa mama mukwe mukali tu, watacheka vilevile. Lazima umupende kidogo."

"Nimupende? Aliyeniharibia mutoto?"

"Kidogo. Kitu kimoja."

Alinitazama kama mutu aliyesikia mbuzi anasalimu. Lori liliguruma, likasogea, na kamba ilikuwa mbele yetu.

Mlinzi wa mlango alipanda kwenye gurudumu akachungulia. Nilikuwa nimeandika walinzi wengi katika hadisi zangu, wote wakubwa kama milima. Huyu alikuwa kijana tu. Alivaa mabuti ya mpira yasiyo yake, makubwa, kisigino kilichomoka kila alipoinua mguu.

"Wewe murefu. Shuka."

"Ashuke aende wapi?" Mama wa maharagi alilipuka hata miye niliruka. "Shefu, huyu hashuki! Ashuke akimbie tena? Nimemutafuta wiki nzima! Tazama huyu binti yangu, alikuwa anasoma, alikuwa anaimba kwaya! Na huyu, mabega kama mulango wa kanisa, akili ya kuku! Leo nitamufikisha kwa baba yake, na wataniambia ng'ombe wangu wako malisho gani!"

Watu wa juu ya lori waliingia mchezoni bila kuambiwa. Mzee mmoja alisema, "Vijana wa leo," akatikisa kichwa. Mwenye bunduki mwingine, aliyekuwa chini, alicheka.

Kaka aliinamisha uso. Mvua ndogo ilianza. Mama wa maharagi aliendelea kutukana, kuku, mbwa, kizazi cha mawe, na katikati ya tusi alivua kitenge chake cha begani, akamfunika kaka kichwa, akatoa kiazi kilichochemshwa kwenye kikapu.

"Kula! Tangu jana hajakula huyu mujinga. Kula, nimesema! Ukizimia njiani watasema miye ndiye nimekuua, na ng'ombe atanipa nani?"

Kaka alitafuna. Yule wa chini alicheka mpaka akaegemea lori. Lakini wa mabuti hakucheka. Alitutazama, kaka, miye, kaka.

"Mbona munafanana?"

 Nyuma, kwenye mashu, kitu kilianguka. Sikugeuka.

"Na mutoto atafanana nao wote wawili," alijibu mama wa maharagi. "Utasema si wao?"

"Sikuongea na wewe, mama. Naongea na huyu." Alininyooshea kidevu. "Wewe. Ni kweli ni huyu?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalikuwa mazuri, yana machozi ndani, kama ya Kifaransa. Yalipotea yote. Ulimi ukawa kitambaa. Nilimwona kaka chini ya kitenge, kiazi kimemjaa mdomoni, hawezi hata kumeza, na niliwaona wale waliochuchumaa, na niliona nafasi ya mmoja zaidi pembeni yao.

"Alisema ataninunulia viatu," nilisema.

Ndiyo peke yake niliyoipata. Mlinzi alishusha macho kwenye miguu yangu. Bado nilikuwa navaa zile sandale, moja yangu ya bluu, moja ya mama ya kahawia, kubwa. Kaka naye aliziangalia, na alilia. Hakuigiza. Alilia na kiazi mdomoni, mabega yanatikisika, jinsi hakuwahi kulia hata usiku wa moto.

Yule kijana alitazama tena miguu yangu. Kisha alishuka kwenye gurudumu. Buti moja lilibaki nyuma, akalirudishia mguu.

"Kijana," alisema bila kumtazama kaka, "mununulie mwenzako viatu." Na akashusha kamba.

Tulipopita, yule mama wa kwanza alikuwa amekaa juu ya jiwe, taulo kwenye mapaja, amelikunja vizuri katika nne kama linaloenda kabatini. Mama yangu alikuwa bado amekalia letu.

 Nilidhani mama atakuja kwetu mara tu kamba ikibaki nyuma, lakini hakuja. Aliendelea kutotujua, kilima baada ya kilima, mpaka Kibati, pale mawe meusi yalipoanza pande zote na nyumba yetu iko chini yake mahali fulani. Hapo alisimama, akavuka magunia kwa mikono na magoti, akampiga kaka kofi kali, kisha akamshika kichwa akakiweka tumboni kwake kama mtoto mchanga.

"Viatu gani?" aliniuliza juu ya kichwa cha kaka. Hakuwa anajua.

Mama wa maharagi alichungulia kikapu chake. "Ile kiazi ilikuwa chakula yangu," alisema. Tulicheka vibaya, kama watu wanaokohoa.

Shuleni nilimwandikia profu mama wa taulo. Niliandika mara nyingi. Nilimfanya alie, nilimfanya amlaani mwenye bunduki, na kila mara alikuwa Mama tu, yule wa ubaoni. Mwishoni nilifuta vyote nikaacha namna alivyokunja taulo. Profu, akisoma mbele ya klasi, alipofika pale alipangusa miwani kwenye suruali, ikachafuka zaidi. Sikufurahi. Nilikuwa nafikiri kwamba miye nilipata kitu kimoja cha kumpa kaka yangu, na yule mama alikuwa nacho mikononi, lile taulo, lakini hakuna aliyemwuliza.

Kaka sasa anasaidia kupakua magunia sokoni, na alipopata pesa za kwanza alikuja na jina la duka na rangi ya viatu. Nyeusi, vya kamba. Nilimkataza. Alidhani nimekasirika, mama akadhani ni heshima. Sikuwaambia. Naogopa akininunulia, lile neno la kwenye baria halitakuwa kweli tena, na huenda nitalihitaji tena, maana shangazi bado yuko Kiwanja na watoto wake wawili wanaorefuka.