Nailoni ya Rangi Tatu

Wiki iliyopita fundi aliniletea televisheni mpya nyumbani kwangu Kigamboni, pana kama mlango wa gereji. Alipoanza kubandua ile nailoni ya kiwandani inayofunika kioo, ikalia krrr, taratibu. Mie, mtu mzima mwenye karakana mbili za samani na vijana wanaoniita bosi, nikajikuta nimerudi sakafuni kwetu Tandika, magoti kifuani, nasubiri mkanda uanze.

Shule niliishia la saba, sifichi, na waliosoma leo wananiomba kazi. Lakini hata utotoni mtaani kwetu hakuna aliyenizidi, maana Baba ndiye peke yake aliyekuwa na televisheni na deki ya kuchezeshea mikanda ya video. Televisheni yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Baba, mchonga vinyago kutoka Newala, hakukubali kushindwa na jambo dogo kama hilo. Alinunua nailoni ya kubandika kwenye kioo, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, akatangaza kwamba kwake sasa kuna rangi. Mandhari za bahari zilipendeza kweli. Watu ndio walipata shida: paji la uso buluu, kifua chekundu, magoti kama majani ya mgomba.

Jumamosi alasiri, nguo zikishaanikwa, majirani walijaa sebuleni. Mie nilikuwaga mlangoni, naamua nani akae mbele. Mikanda ilikuwa imenakiliwa na kunakiliwa tena mpaka picha ina chenga kama mchele unapepetwa, na sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Baba aliifuta hedi ya deki, pale mkanda unaposomwa, kwa pamba na marashi ya Mama. Sebule ikanukia harusi, chenga zikabaki palepale. Na kwa kuwa filamu zilikuwa za Kiingereza, Baba ndiye aliyetafsiri. Kiingereza alikuwa hajui.

Mkanda tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa mauaji. Tajiri anakutwa amekufa kwenye ngazi za jumba lake, na muuaji yumo humohumo ndani. Baba alishaamua muda mrefu kwamba ni daktari.

"Mwangalieni kifuani," anasema, ananyoosha patasi kuelekea kwenye kioo. "Damu ile. Halafu anakunywa chai, hana habari." Sie watoto tunasogeleana.

Jumamosi moja akaja mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, karani kutoka bara, tuliyemwita Baba Neema. Alitazama mpaka Baba alipofika kwenye damu.

"Samahani, mzee," akasema kistaarabu kabisa. "Hii mimi niliiona mjini, kwenye televisheni ya rangi. Shati la daktari ni jeupe. Wekundu huo ni wa nailoni yako. Aliyeua ni mpishi."

Patasi ya Baba ilibaki hewani. Nilimjua baba yangu: akiumbuka mbele ya watu angechomoa waya, aifunike televisheni kwa kitambaa cha kufuma, na Jumamosi zetu zingeishia pale. Mie ningerudi kuwa mtoto kama watoto wengine.

Mama Asha, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, akajibu bila hata kugeuza shingo.

"Baba Neema, huyo mpishi kaua huko mjini. Huku Tandika kaua daktari. Kaa basi, unatuziba."

Watu wakaangua kicheko. Baba Neema naye akacheka, akakaa. Baba akakohoa kidogo, akaishusha patasi.

"Sasa tazameni hapa," akasema. "Daktari anataka kumsingizia mpishi."

Kesho yake niliwatambia watoto mtaa mzima kwamba baba yangu kamshinda karani, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa sahihi.

Nilishazipata hela zangu ndipo nikaipata filamu ile, safi, picha kama dirisha lililofutwa, sauti unasikia mpaka viatu kwenye ngazi. Ni mpishi kweli. Shati la daktari ni jeupe pe. Nilisinzia kabla haijaisha.

Sikukuu ya Idi nikampelekea Mama Asha mchele na sukari. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama siku ile walijua kwamba damu ni ya nailoni.

"Marahaba, mwanangu. Si tulikuwa na macho? Kila aliyesimama pale katikati alikuwa na damu, mpaka kitoto kichanga."

"Sasa mbona mlimtetea?"

"Baba yako kutwa kainamia gogo, akisema neno ni kubishana bei na wateja. Jumamosi alikuwa anaongea, watu wanamsikiliza. Tungemnyima hata hiyo?" Akanisukumia kikombe cha chai. "Halafu alikuwa anasimulia, yule mtu. Wa kwenye mkanda hawamfikii."

Nilirudi kwangu naendesha gari polepole. Utoto wangu wote niliamini watu walikuja kwetu kwa sababu tulikuwa na televisheni. Kumbe walikuwa wanakuja kwa Baba.