Kompyuta Yenye Visingizio

Zikiwa zimebaki siku sita niwasilishe tasnifu yangu, kompyuta ya nyumbani iligeuka bluu mara nne kwa asubuhi moja. Mara ya nne nilivua miwani, nikaiweka mezani, nikaikodolea macho ile sura ya kununa ambayo mashine huichora kwenye kioo kabla ya kukwambia, kwa Kiingereza cha adabu, kwamba imepata tatizo na inabidi ijiwashe upya. Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, kununiwa nimekuzoea. Lakini kununiwa na kitu nilichokinunua mwenyewe nilishindwa kukuvumilia.

Niseme mapema kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili kwa masafa, huku nafundisha. Chuo kilishaniongezea muda mara mbili, na msimamizi wangu alikuwa ameniandikia kwamba ya tatu haipo. Nikiikosa Ijumaa ile ya kuwasilisha, jina langu linafutwa na miaka mitano inakwenda na maji. Shuleni kwetu walimu vijana, ambao shahada zao wamezipata kabla hata ya kuoa, walikuwa wakiniuliza habari za tasnifu kwa sauti ya chini, kama wanaomuulizia mgonjwa aliyelazwa. Nilitaka kuimaliza ili waniulize kwa sauti ya kawaida.

Tunakaa Picha ya Ndege, mtaa wa Kibaha. Kompyuta yetu ni ya mezani: kioo kiko juu ya meza sebuleni, na boksi lake liko chini, kwenye kona, nyuma ya kitambaa cha kufuma kinachoshuka mpaka sakafuni. Kitambaa hicho alikifuma mama yangu mzazi enzi macho yake yanaona tundu la sindano. Kwetu meza haikai uchi, na nyaya zikionekana na wageni ni aibu ya mwenye nyumba.

Mama ni mkulima wa Vihingo, huko Kisarawe, na mwaka ule alikuwa anakuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho. Anakaa wiki mbili tatu, anatiwa dawa, anapimwa, kisha anarudi shambani mpaka aitwe tena. Kila akija, anakuja na mkungu wa ndizi za kisukari, mbichi, umefungwa kwenye kiroba. Hata siku ambayo alikuwa haoni vizuri ngazi ya mlango wangu, mkungu alikuwa nao. Kwenda kwa mtoto mikono mitupu hajawahi, na hakutaka kuanza uzeeni.

Kompyuta ilipoanza kuzima, wa kwanza kutoa hukumu alikuwa mume wangu. Yeye anafanya kazi kiwandani Zegereni, na huko mashine ikisumbua inang'olewa.

"Mwalimu, hilo dude limezeeka," alisema. "Litupe."

"Na mimi nimezeeka," nikamjibu.

Alitoka nje kumwagilia mchicha, na mchicha ule ulimwagiliwa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nikalipeleka boksi kwa fundi mjini Kibaha. Fundi akasema ni virusi. Akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya, nikalirudisha nyumbani, likafanya kazi wiki mbili bila hata kukohoa. Nilijisifu mpaka kwenye kikao cha walimu. Kisha likageuka bluu. Nikarudi kwa fundi, safari hii akasema ni memori, akabadilisha. Siku iliyofuata aliliwasha asubuhi likiwa peke yake juu ya meza yake ya kazi, akaliacha mpaka jioni.

"Madam, hapa kwangu haijazima hata mara moja," akaniambia. "Labda umeme wa kwako."

Nikanunua kile kifaa chenye betri kinachokinga kompyuta umeme ukikatika. Umeme haukukatika, na kompyuta ilizima vilevile.

Hapo nikashika dawa pekee ambayo mwalimu anaiamini, yaani rejista. Nilipiga mistari kwenye kauntabuku: tarehe, saa, nilichokuwa nafanya, na kosa lililotajwa. Kwa maana kila ikizima, mashine ile hutaja kosa lake kwa maneno fulani marefu, nami niliyanakili herufi kwa herufi, kisha nikayatafuta kwenye simu. Jumatatu ilisema kumbukumbu imeharibika. Nikachomoa vile vibao vya memori, nikavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kama nilivyoona kwenye video, nikavirudisha. Jumanne ikalaumu kadi ya picha. Nikapakua programu mpya ya kadi ya picha. Jumatano ikalaumu diski. Nikaikagua diski usiku kucha, ikaonekana nzima. Alhamisi ikataja kosa ambalo hata huko mtandaoni watu wanagombana juu ya maana yake.

Nilijaribu pia kwenda kuchapa dukani, pale wanapotoa fotokopi. Nilichapa kurasa mbili huku wateja watatu wakinihimiza nimalize, nikarudi nyumbani na flashi iliyojaa virusi. Kompyuta ya shuleni inakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu anakaa nayo.

Basi ikafika Jumamosi ile ya siku sita. Nilikuwa kwenye sura ya nne. Tasnifu yangu inahusu watoto wanaochelewa shule, na nilikuwa naandika jambo ambalo nililijua kabla sijajua kama kuna uzamili duniani: mtoto anayetoa sababu ileile kila siku, shughulikia sababu hiyo; mtoto anayetoa sababu mpya kila siku, acha sababu zake, nenda kwao. Leo bibi anaumwa, kesho viatu vimelowa, keshokutwa kuna msiba. Ukifika kwao unakuta jambo moja tu, na mtoto hajalitaja hata siku moja.

Nilipoweka nukta, kioo kikageuka bluu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya nne.

Miwani ilikuwa bado mezani. Wiki nzima nilikuwa nabishana na visingizio. Memori, kadi, diski, kila siku sababu mpya, nami mwalimu mzima nazikimbilia moja moja. Na kwa fundi, mbali na nyumbani, mtoto huyu alikuwa na tabia njema kutwa nzima. Nikavaa miwani, nikafungua kauntabuku, nikaongeza safu moja ambayo ningeiweka siku ya kwanza kama angekuwa mwanafunzi: nani alikuwepo nyumbani.

Zile wiki mbili ambazo haikuzima, mama alikuwa Vihingo. Kulikuwa na siku nyingine tano safi mwezi uliotangulia, nazo mama alikuwa Vihingo. Siku zote za bluu, mama alikuwa kwangu. Ule msemo wa kikulacho ulinijia, nikaukatia njiani. Yule ni mama.

Nikapiga magoti, nikainua kitambaa. Kwanza ilinijia harufu, tamu na nzito. Nyuma ya boksi, kimebanwa kabisa na ukuta, pale hasa ambapo feni hutolea hewa ya moto, palikuwa na kiroba kilichoviringishiwa khanga, na juu ya khanga blanketi, na blanketi limechomekwa pembeni kwa ustadi ili upepo usipite. Nilifungua. Chane tatu za kisukari, zimeiva rangi moja, hazina doa. Nikagusa boksi la kompyuta, nikautoa mkono haraka.

Niliona haya kabla sijakasirika, kwa sababu ndizi zile nilikuwa nazisifu. Kila akija nimekuwa nikisema, mama, siku hizi ndizi zako zinaiva kwa siku mbili. Mume wangu alikuwa anazibeba kwenda nazo Zegereni. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula nne kwa siku mbele ya kile kioo, nikisubiri kompyuta ijiwashe upya.

Nilimwita mama kwa sauti ambayo, nakiri, huwa naiweka kwa ajili ya darasa la saba. Alikuwa uani anachambua kunde kwa vidole. Akaja anapapasa ukuta.

"Mama, nani kaweka ndizi huku chini?"

"Mie. Kwani zimeshaiva?"

"Unavundika ndizi kwenye kompyuta?"

"Sijazitia ndani, nimeziweka nyuma," akasema, kama ameonewa. "Pale panatoka joto kutwa, linakwenda bure. Kule kwetu nachimba shimo, nalipasha moto, naziba. Hapa nimekuta moto uko tayari. Ukisema unalitoa hilo boksi, naziondoa kwanza usizikanyage."

Nikamweleza. Nikamwambia mashine hii inachemka ikifanya kazi, na inapumulia mgongoni, na mtu akiizuia pumzi inazirai, na ikizinduka inataja sababu yoyote inayoijia. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo siku zote zile ulizokuwa unagomba peke yako humu ndani, ni hilo joto?"

"Ni hilo joto, mama."

"Mbona hukuniuliza, mwanangu? Mie nakishika hicho chombo chako kila siku nikigeuza ndizi. Kina homa kitambo."

Nilikuwa nimemuuliza fundi, nimeuliza mtandao, nimemuuliza hata mume wangu. Mtu pekee aliyekuwa anaigusa ile mashine kila siku sikumuuliza, kwa sababu haoni vizuri na hajui kusoma. Na mimi ndiye niliyekuwa naandika kurasa mia moja na kitu kuwafundisha wenzangu waende nyumbani kwa mtoto wakaulize waliopo.

Tulizihamishia ndizi jikoni. Nililitoa boksi uani, nikalipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikalirudisha mbali na ukuta, na kitambaa nikakikunja upande ule mmoja. Kisha nikaipa adhabu. Niliwasha kila kitu kwa pamoja: tasnifu, video tatu, ukaguzi wa virusi, muziki wa taarabu juu yake. Ikaunguruma tangu adhuhuri mpaka adhana ya magharibi. Haikuzima. Nilicheza sebuleni peke yangu, mwanamke mwenye miaka hamsini na mbili, mpaka mume wangu akaacha mchicha kuja kuona. Nilimpigia fundi. Akasema kuanzia siku ile atamuuliza kila mteja nyuma ya boksi kuna nini.

Siku zilizobaki niliandika kama niliyefunguliwa kamba. Alhamisi mchana, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni na joto la Kibaha likiwa kali, nilisikia kigoda kinaburutwa. Mama alikuja akakaa kando ya meza, mkononi ana kile kipepeo cha ukindu tunachopepelea jiko la mkaa. Akanyoosha mkono wa kushoto mpaka akaligusa boksi, akajua lilipo, akaanza kulipepea.

"Mama, acha tu. Sasa inapumua yenyewe."

"Andika wewe," akasema. "Joto niachie mimi."

Aliipepea kurasa kumi na moja. Kila baada ya muda aliuliza nimefika wapi, nami nikamsomea, naye akaguna na kubadilisha mkono. Saa kumi kasoro nilituma tasnifu yangu, siku moja kabla. Nilipomwambia imekwenda, aliuliza imekwenda wapi, kisha akaendelea kupepea, asije akaisimamisha njiani.

Nilifaulu. Tasnifu ilirudi na alama nyekundu za msimamizi, nirekebishe kabla ya kuipeleka kujalidiwa. Moja ilikuwa kwenye ukurasa wa shukrani, pale nilipomshukuru mama yangu kwa kuipepea kompyuta. Alikuwa ameipigia mstari na kuandika pembeni: hii inahusu nini? Alama nyingine zote nilizirekebisha. Sentensi hiyo niliiacha kama ilivyo, na ndivyo kitabu kilivyojalidiwa.